Bia Nyeusi ya Krismasi

Kaisho, 25 Desemba 1989

Mpaka sasa sijui kama ile ni bia au ni keki.

Deus, mtoto wa mzee ninayemchumia kahawa, ameileta kutoka Ulaya. Nyeusi kama masizi. Mzee akaionja kwanza, kama ilivyo desturi ya mwenye nyumba, akakunja uso.

"Deus, wamekuuzia dawa ya mbuzi!"

Kisha akanigeukia. "Wewe Muha, Kasulu unafuata nini? Baki hapa. Nitakukatia kishamba kule chini." Akaninyooshea glasi.

Nilikuwa nimekuja kumuaga. Mke wangu ananisubiri kwetu Kasulu, nilimwahidi mwaka huu narudi. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile glasi. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikanywa. Tamu, halafu chungu, kama sukari iliyoungulia sufuriani, na nyuma yake kahawa. Kahawa hii hii ninayoichuma. Kisha kifua kikawaka moto.

Mzee akapiga makofi. Mama Deus akapiga vigelegele.

Hapa mtu akiambiwa neno, akapokea pombe na kunywa, amekubali. Kwa rubisi ya ndizi najua ni hivyo. Je, na hii ya Ulaya inafunga makubaliano? Mimi nilitaka kujua ladha tu. Kesho nikimwambia mzee sikukubali, atacheka au atakasirika, sielewi.

Na mke wangu nitamwambia...

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba nilipomaliza, nilirudisha glasi kwa mikono miwili, nikaomba nyingine.