Mkwe wa Mama Kanze

Jumatatu, 2 Juni

Kesi tatu leo, mbili za mbuzi. Nimetafsiri mpaka koo likakauka. Miaka kumi na minne nageuza Kigiriama kuwa Kiswahili mbele ya majaji wa kutoka bara, na bado hakuna anayekumbuka kunipa maji.

Mchana ikaletwa faili ya mauaji ya Mzee Thoya. Jumanne ijayo inasikizwa. Mkalimani ni mimi.

Mzee alikuwa mwenyekiti wa kijiji huko Jilore. Alikataa kutia sahihi karatasi za kuuza ardhi ya kijiji. Akakatwa mapanga shambani mwake, mchana kweupe. Vijana wawili wako rumande. Aliyewatuma hatajwi popote.

Jumatano, 4 Juni

Mama Kanze ndiye shahidi pekee. Ameletwa asomewe taarifa aliyoandikisha polisi. Nikamsomea kwa lugha yetu. Akanikatiza. Anasema siku ile alimwona mkwe wake ukingoni mwa shamba akiwapa wale vijana maagizo. Taarifa inasema "mtu asiyemfahamu".

Ana mabinti wanne, wote wameolewa. Nikamwuliza mkwe yupi. Akatazama chini. Kwetu mama hamtaji mkwewe kwa jina, na wakikutana njiani hupishana. Lakini nani hajui kwamba Dama, binti yake wa mwisho, ni mke wa pili wa Mheshimiwa, mbunge wetu?

Nimemweleza wakili wa serikali. Akasema tutaona.

Alhamisi, 5 Juni

Wakili amehamishwa. Barua asubuhi, meza tupu mchana. Tulizungumza mlango ukiwa wazi. Mjinga mimi.

Jumamosi, 7 Juni

Bwana mmoja amenikuta sokoni. Shati limenyooshwa, manukato mengi. Kanipa shikamoo kwa adabu zote.

"Dada Sidi, hatukuombi uongo. Bibi akisema mkwe, wewe sema jamaa, mtu tu. Basi. Na jina hatalitaja, unajua mwenyewe."

Kisha akaniulizia Neema, binti yangu. Anajua darasa lake. Anajua hukaa kiti cha nyuma ya dereva kwenye gari la shule. Akanilipia mchicha, akaenda zake. Mchicha nimeutupa jalalani.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Neema tumempeleka Takaungu kwa shangazi yake, tukamdanganya ni likizo. Hakuamini.

Mume wangu Karisa anasema niseme hilo neno yaishe. Nimemfokea. Nimemfokea kwa sababu nami nawaza hivyo hivyo.

Nimelijaribu mbele ya kioo. Jamaa. Nilimwona jamaa. Linatoka vizuri mno. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jumanne, 10 Juni

Nimekaa. Sasa naweza kuandika.

Mheshimiwa alikuja mwenyewe, akaketi mstari wa mbele. Nilidhani kaja kunitisha mimi. La. Kaja kwa ajili ya mama mkwe. Alijua mama hataweza kusimama mbele ya mkwewe. Mwana wa nyumbani kabisa, desturi zetu anazijua, na akazifanya silaha. Nimemchukia.

Mama Kanze alimwona, akajifunika leso uso mzima, akageukia ukuta. Jaji akamtaka ageuke. Hakugeuka. Wakili mpya akaanza kukusanya makaratasi yake. Ndipo sauti ikatoka ndani ya leso. Alimwona mkwe wake.

Wote wakaniangalia. Bwana wa mchicha kasimama mlangoni.

Mkalimani husema kana kwamba shahidi ni yeye. Ndiyo kazi yetu. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Nilimwona mkwe wangu."

Sauti ya mbuzi, lakini ilitoka. Jaji akauliza: mkwe yupi? Nikamgeuzia Mama Kanze swali. Kimya. Jina nilikuwa nalo ulimini na siruhusiwi kuongeza hata herufi. Mheshimiwa alikuwa anatabasamu.

Mama Kanze akaivua leso, akajifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Akageuka. Akamtazama mkwewe usoni. Akalitaja jina lote, lake, la baba, la babu. Akasema Thoya ndiye aliyemzikia mume, na aibu ya leo atakufa nayo.

Nikasema yote. Majina yote matatu, polepole, jaji aandike.

Jaji ameamuru Mheshimiwa achunguzwe na asitoke nchini. Nimetapika chooni. Siogopi kidogo, naogopa sana.

Ijumaa, 20 Juni

Mvua. Barua yangu ya uhamisho imefika. Kituo cha kaskazini ya mbali, ambako hakuna hata mtu mmoja anayesema Kigiriama. Karisa ameisoma mara mbili, akaenda kutafuta maboksi.

Jioni Mama Kanze amenipigia kwa simu ya jirani. Dama amefukuzwa, amerudi Jilore na wanawe wawili. Hasemi na mamake. Mama anapika, anaweka sahani mlangoni, anaondoka. Akirudi anakuta imeliwa.

Anakula, akaniambia.

Nikamwambia akila ni vizuri. Tulikaa tukisikilizana tunavyopumua, mpaka salio la jirani likaisha.