Mkono wa Kushoto wa Nkwimba

Jumatatu, 3 Juni
Mazoezi ya netiboli saa kumi. Vumbi, jua, mpira mmoja wenye upepo. Nimewafunga kitambaa wasichana wanne wa kidato cha kwanza, mkono wa kushoto kiunoni, wajifunze kufunga kwa mkono mmoja. Wananung'unika. Wanung'unike.

Kila msichana wangu ana mchezaji mkongwe ninayemlinganisha naye. Ngolo anadaka kama Minza wa Sola: miguu mirefu, huruma hana. Senta wetu anakimbia kama Holo wa Bukundi, ila Holo alikuwa na akili. Kabula ni Nkwimba. Utulivu ule ule chini ya goli, mkono wa kushoto umelala ubavuni kama hana haja nao. Nilicheza na Nkwimba timu ya jineri, kiwanda cha pamba, mimi nikimpa mipira, yeye akifunga. Sijaona mwingine. Hakuna aliyempiga hata picha.

Alhamisi, 6 Juni
Barua imefika. Shule ya bweni ya michezo inatafuta mfungaji mmoja. Watakuja Bariadi Jumamosi ya wiki ijayo. Kabula yuko kidato cha nne, hatapata nafasi nyingine.

Mama yake amekuja ofisini, nyuzi za pamba bado ziko kwenye kanga. "Wangaluka, mwalimu. Mtoto huyu nimekukabidhi." Nikamwambia binti yake ni Nkwimba mtupu. Hakumjua Nkwimba. Nilikasirika kidogo.

Jumatano, 12 Juni
Upepo. Kabula kakosa mipira saba kati ya kumi. Akaomba atumie mikono miwili, kama alivyocheza shule ya msingi kabla sijamfunga kitambaa. Nikakataa. Nkwimba hakuwahi kutumia miwili. Nikamsema mbele ya wenzake.

Sikupaswa.

Jumamosi, 15 Juni
Upepo tena. Hakuchaguliwa.

Mchaguzi ni kijana, mpole. Kasema binti ana jicho zuri, lakini mkono wa pili haufanyi kazi, mpira unayumba, na kumrekebisha sasa kutachukua miaka. Nikamjibu kwamba Nkwimba alifunga hivyo hivyo. Akauliza, Nkwimba ni nani?

Kabula kapanda bodaboda bila kuniaga. Nina hasira na yule kijana.

Jumapili, 16 Juni
Baada ya ibada nimekwenda Malampaka. Nkwimba anaishi karibu na stesheni, amezeeka kunishinda. Nilitaka anitetee, hata kama ni sisi wawili tu tunaosikia.

Nikamweleza yote. Akacheka. Akaona sicheki, akanisimulia.

Alipokuwa msichana alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliojaa pamba. Bega la kushoto likavunjika, likaunga vibaya. Akatuficha, tusije tukamtoa kwenye timu. Akaunyanyua mkono nione. Uliishia kifuani.

"Ningekuwa na miwili, mayu, mngenikoma."

Misimu sita nilimpa mipira na sikuona. Kisha miaka kumi na tisa nimewafundisha watoto wa watu jeraha lake, nikiita ufundi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimelia ndani ya basi, mbele za watu. Naona aibu, na aibu hiyo ni halali yangu.

Jumatatu, 17 Juni
Saa kumi. Upepo umetulia. Wale wanne wa kidato cha kwanza walishajipanga, migongo kwangu, wakisubiri kufungwa. Nikakikunja kitambaa nikakitia mfukoni. Nikawaambia kuanzia leo ni mikono yote miwili, nilikosea. Wakashangilia.

Kabula alikuja. Sikumtegemea. Nikamweleza habari ya mkokoteni na bega, sikuficha kitu. Alisikiliza akiwa ameangalia goli.

"Na mimi, Madam?"

Nikampa mpira. Akainua mikono miwili, akakosa. Nikaufuata mpira mpaka kwenye uzio, nikamrudishia. Akakosa tena. Tuliendelea hivyo mpaka kengele ya kwenda nyumbani, yeye akirusha, mimi nikiokota.