Panavuja Wapi, Baba?

Kwako baba,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu ndivyo mama alivyonilea. Kama ningeufuata moyo wangu, ningeanza na jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni isale. Shangazi alilileta Jumapili baada ya ibada, jani bichi lililofungwa fundo zuri, ndani ya mfuko wenye sukari na mchele. Alikaa kwenye kiti chako, akanywa chai, kisha akaninyooshea lile jani mimi, siyo mama. Alisema dada mtu hawezi kukaa kimya kaka yake akiteseka. Alisema unaomba yaishe, ili siku ya kipaimara changu ukae mbele kanisani kama baba yangu. Nilimuuliza unaomba msamaha wa kosa gani. Shangazi alikoroga chai yake, akasema hukumtajia kosa. Ulisema tu yaishe.

"Mwanangu, isale halirudishwi," aliniambia. "Kwetu Uchagani hata aliyemwaga damu akija nalo anasamehewa."

Nilimtazama mama. Alikuwa anachambua maharage na hakuinua kichwa.

"Mimi nimeshapokea mawili," alisema. "Hilo limekuja kwako."

Kwa hiyo nakujibu, na nakujibu kwa maandishi kwa sababu nikisimama mbele ya watu sauti inaniisha. Wewe ulilijua hilo kabla ya walimu wangu. Ndiyo maana ulinipa kazi isiyohitaji kuongea.

Unakumbuka kibanda chako cha AC pale Elerai? Jumamosi nilikuwa nakaa juu ya tairi kuukuu na kitabu changu, na gari likija linalovuja gesi unaniita. Ulikuwa unaingiza ile rangi inayong'aa ikimulikwa kwenye mfumo, unawasha injini, unaacha AC ifanye kazi, halafu unamulika mabomba kwa taa ya zambarau. Mimi navaa miwani ya njano, ile uliyoifunga mpira nyuma isinidondoke puani, naingiza kichwa chini ya boneti na kutafuta panapong'aa kijani. Kabla ya taa ulinifundisha kutazama vumbi. Vumbi kavu si neno, ulisema, lakini vumbi lililoganda na mafuta kwenye maungio ya bomba lina habari, kwa sababu gesi ikitoroka inatoka na mafuta yake. Pale unapaka povu la sabuni na kusubiri. Nilizipenda zile dakika za kusubiri kuliko kurasa nyingi nilizosoma.

Wateja walikuwa wanakutania kwamba Arusha ina baridi kiasi hiki, AC ya nini. Ulikuwa unawajibu wakawaulize madereva wanaokula vumbi la porini na vioo wazi.

Ninamkumbuka sana yule dereva wa watalii mwenye Land Cruiser ya kijani. Alikuwa amejaziwa gesi kwa mafundi wengine mara kadhaa, na kila mara ubaridi ulikuwa unakaa wiki mbili tatu unakwisha. Alikuja asubuhi moja amekasirika, akakuambia umwongezee upesi awahi wageni.

"Mangi, we jaza tu," alisema. "Mengine tutaongea nikirudi."

Ulifuta mikono taratibu. Ulimwambia kuongeza gesi hata mtoto anaweza, na fundi ni yule anayesema panavuja wapi. Halafu ulinigeukia mimi, nimevaa ile miwani, ukamwambia aniulize. Nilikuwa nimeshaona. Kwenye mabomba hapakuwa na kitu, lakini nilipomulika ule mrija unaotoa maji chini ya gari, maji yalikuwa yanadondoka yakiwa kijani. Nilinong'ona kwamba ni ndani, nyuma ya dashibodi. Ulinifanya nirudie kwa sauti.

"Ni ndani, nyuma ya dashibodi," nilirudia.

Dereva alicheka, akasema basi dokta wa macho ameshaamua, nani atabisha. Mlifungua dashibodi nzima siku ile. Wageni wake walichukuliwa na gari jingine na hakukulaumu. Na tangu siku ile ulikuwa unaniita dokta. Hakuna aliyewahi kunipa jina nikalipenda, ila wewe.

Gari lile lilipokwisha kutengenezwa ulinichukua tukalijaribu barabara ya Oldonyo Sambu. Vioo vyote juu, vumbi nje kama pazia, mimi nimeshika kipimajoto kwenye tundu la hewa nikikusomea namba zinavyoshuka. Ulikuwa unapiga usukani kwa furaha kila zikishuka. Mlima Meru ulikuwa upande wa kulia, ukiwa umetugeuzia mgongo wake mkavu. Simu yako ikaita. Uliitazama, ukaegesha gari pembeni, ukafungua mlango. Kabla hujaufunga nilikusikia ukisema, "Niko na mteja."

Mteja nilikuwa mimi, baba.

Ulisimama vumbini muda mrefu, umenipa mgongo, unacheka na simu. Mimi nilibaki ndani kwenye ubaridi tuliokuwa tumeutengeneza pamoja, na kipimajoto mkononi. Sikuelewa siku ile. Nilielewa mwaka ulipogeuka, ulipohamia Terrat kwa yule mama uliyekuwa unacheka naye kwenye simu, na watu wazima wakaanza kunyamaza kila nikiingia chumbani.

Sasa nikuambie nilichokiona nikiwa bila miwani yoyote.

Isale la kwanza ulilileta mwenyewe, mvua za masika zilipoanza. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akakupikia, nikakusikia unapiga mluzi bafuni asubuhi. Hata mwezi haukuisha, ukarudi Terrat. Isale la pili lilikuja Desemba, kila familia ya Kichaga hapa Arusha ikifunga mizigo kwenda nyumbani Kilimanjaro kwa Krismasi. Babu na bibi walikuwa wanatusubiri. Usingeweza kutokea uani kwao bila mama, na bila mimi. Tulikwenda. Ulimkatia mama nyama mbele ya ndugu zako. Ulinishika bega kwenye picha. Ulinionyesha masale yaliyopandwa mpakani mwa kihamba cha babu, shamba letu la ukoo, ukanieleza kwamba hayo yalizuia ugomvi wa majirani kwa vizazi. Nilikusikiliza kwa makini kama nilivyozoea. Tuliporudi Arusha ulitushusha getini, ukasema unapitia kibandani mara moja. Shule zilifunguliwa hujarudi.

Na sasa la tatu, kwa sababu kuna kipaimara, na babu atakuja, na mchungaji atauliza wazazi wako wapi.

Mama anaendelea na kazi zake. Anakwenda dukani kwake, anarudi, anasahihisha daftari zangu ingawa mimi ni kidato cha tatu na yeye hakufika. Lakini nimemwona ulipokuja mara ya kwanza, na nimemwona ulipokuja mara ya pili. Nimeona jinsi nyumba inavyopoa kwa wiki mbili tatu, halafu inavyorudi kuwa joto, joto baya kuliko la mwanzo kwa sababu alikuwa ameshazoea ubaridi. Wewe uliyemkatalia dereva mwenye wageni wanaosubiri, mama umekuwa ukimjazia tu.

Nina hasira nawe, na siifichi. Nimesoma vitabu vingi ambamo baba anarudi kwenye ukurasa wa mwisho na watoto wanamkimbilia. Siku hizi nikifika hapo nafunga kitabu. Wewe hujawahi kuukosa ukurasa wa mwisho. Unatokea kwenye kila sikukuu. Ambazo huna ni zile kurasa za katikati, za siku za kawaida, mama akiumwa jino, mimi nikishindwa kulala kabla ya mtihani wa fizikia.

Shangazi yuko sahihi kwamba isale halirudishwi, na mimi sitakuwa mtoto wa kwanza wa ukoo kulirudisha. Nimelipokea. Liko ndani ya glasi ya maji dirishani na bado ni bichi. Lakini nadhani wazee waliolianzisha hawakukusudia mtu alete jani ili asiseme kosa. Nadhani jani lilikuwa la kufungulia mlango tu, ili mwenye kosa aingie na kusema.

Kwa hiyo njoo, Jumamosi moja, wiki chache kabla ya kipaimara. Njoo bila Shangazi, bila sukari, bila mchele. Ukae mezani na mama, mimi nikiwepo, umwambie panavuja wapi. Usituambie kwamba yaishe. Taja pahali penyewe, hata kama ni nyuma ya dashibodi na itabidi tufungue kila kitu.

Ukishasema, tutafanya ulivyonifundisha. Ulisema bomba likishazibwa gesi haiingizwi hapo hapo. Unaweka kwanza pampu, inanyonya hewa yote mpaka ndani panabaki patupu, unafunga koki, unazima, unakaa mbele ya geji kuutazama mshale, maana ukisogea bado panavuja. Hakuna kuongea wala kugusa kitu. Ulikuwa unaniacha mimi niutazame mshale, kwa sababu wewe ulikuwa huna subira na mimi nilikuwa nayo.

Bado ninayo, na safari hii nitakutazama wewe. Mshale ukitulia, kiti cha mbele kanisani ni chako, na babu nitamwambia mwenyewe, kwa sauti, bila kuambiwa nirudie. Mshale ukisogea hata kidogo, utakaa nyuma pamoja na wageni wengine. Gari la namna hiyo hujawahi kulijaza, baba, na mimi ni mwanafunzi wako.

Shikamoo nimeshakuamkia mwanzoni. Hapa mwishoni sina nyingine ya kukupa mpaka uje kuipokea.

Ni mimi binti yako,
dokta wa macho