Pacha na Vipande vya Kioo

Hosteli ya Watafiti,
Ghorofa ya juu.
Jumapili, 9 Machi

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakugombeza kwenye ngazi? Na Baba mdogo, kikohozi kimemwachia? Mimi mwili mzima, ila moyo ndio mgonjwa.

Unamkumbuka Pacha, mwenzangu wa maabara niliyekuja naye likizo, ukasema umepata binti wa pili? Ndiye aliyeniuma.

Kazi yetu ni kupaka utando wa kaboni, mwembamba hata ngozi ya kitunguu ni blanketi mbele yake, juu ya vitu mbalimbali, kisha kupima umeme. Juu ya silikoni, ile ya kutengenezea chipu za kompyuta, chembe za utando zilijipanga vizuri, umeme ukapita. Juu ya kioo zilikaa shaghalabaghala, umeme ukagoma. Mimi nilifurahi. Kugoma nako ni jibu: utando hufuata tabia ya kinachoubeba.

Pacha hakufurahi. Nilipolala na homa, alivitupa vipande vya kioo, akaandika kwamba umeme hupita popote, akapeleka makala jaridani na jina langu kando ya lake. Mimi nilikuja kujua mkuu wetu aliponipongeza mbele ya watu.

Nilimkuta Pacha kwenye sinki, anaosha vyombo vya maabara.

“Vioo viko wapi?”

“Vilikuwa vinatuchelewesha, mwenzangu. Kazi ya kudumu tuliyoahidiwa tukichapisha makala, hutaki?”

“Ungeniuliza.”

“Ungekataa.”

Hapo ndipo aliponimaliza, Mama. Alinijua vizuri, ndiyo maana akasubiri niugue.

Nilikwenda kwa mkuu nikasema yote. Makala yameondolewa. Kazi wamepewa wengine, na sasa wenzetu wananiita mimi msaliti! Kikulacho ki nguoni mwako, lakini ukivua nguo ukitoe, watu wanacheka uchi wako.

Jana Pacha alihama hosteli. Hakuniaga, ufunguo kamwachia mlinzi. Nililia kama niliyefiwa. Leo nimepaka kioo kipya, umeme umegoma vilevile, nikageuka kumwita aje aone. Kiti kitupu.

Nisalimie Baba mdogo, Bibi, na mdogo wangu, mwanao fundi cherehani. Mungu awape usingizi usio na mawazo.

Pacha atakupigia simu, namjua. Mpokee, usimfukuze. Ila akiuliza habari zangu, mwambie hujui.

Mimi mwanao nikupendaye,
Kitinda Mimba