Jigso ya Kukatia Msalaba wa Baba

Jumamosi, Machakos

Hatimaye nimenunua jigso nyingine, msumeno wa umeme wa kukatia mbao, na nimechoka hadi mabega. Mota ya ile ya zamani iliungua kabla sijamaliza msalaba ambao Baba aliniagiza nimtengenezee kwa ajili ya kaburi lake, naye angali hai. Anataka wa mukau, mti mgumu wa huku kwetu, kwa sababu mchwa hawali mukau.

Dukani wanakujaribishia mashine kwa ubao wa saipresi, ambao hata kisu cha jikoni kingeukata. Nikatoa kipande changu cha mukau kwenye begi. Jigso ya kwanza iliruka-ruka, ikauchana ubao. Ya pili ilienda polepole, ikafuata mstari hadi mwisho.

"Unatengeneza nini, mama?" muuzaji akauliza.

Nikasema kabati.

Sasa iko hapa mezani, bado kwenye katoni yake, na mimi sina kisingizio tena. Hilo ndilo linalonichosha kuliko kuzunguka madukani.

Jioni Baba alipiga simu kutoka Mitaboni. "Ulipata mashine?"

"Bado, Baba. Zilizoko haziwezi mukau."

"Sawa. Hakuna haraka."

Nikamsikia akishusha pumzi. Labda na yeye alinisikia nikishusha yangu.