Sauti ya Mama Baada ya Mawaidha

Jumapili, mvua tangu alfajiri.

Nisamehe, shajara yangu ya mtandaoni. Mara ya mwisho nilipokuandikia mtoto hakuwa na hata jino moja, na sasa ananing'ata. Kila siku nasema nikimlaza nitaandika. Nikimlaza, nalala na mimi. Leo kalala kifuani, mkono mmoja uko huru, basi naandika kwa kidole gumba.

Nyumba hizi za Mji Mkongwe mvua ikinyesha kuta zinatoka jasho. Nepi hazikauki. Wapangaji wa chini wamehama na ngazi zimekuwa kimya. Mume wangu yuko kazini hotelini Nungwi, huja siku zake za mapumziko, hulala, huondoka. Simlaumu. Lakini kuna siku jua linazama sijasikia mtu mzima akisema na mimi.

Ndiyo maana nilianza kupiga kanda alizoniletea khalati.

Khalati, mdogo wake marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea kwake Mtoni. Mama alifariki mimi mdogo sana. Picha zake ninazo, kanga yake moja ninayo, sauti yake sina. Nikijaribu kuikumbuka naishia kuisikia ya khalati. Sasa khalati anaezua paa, kaniletea vitu vyake visirowe: redio ya kaseti, na boksi la mawaidha aliyokuwa akiyarekodi kutoka redioni kila Ramadhani. Mtoto akimsikia shekhe hunyamaza. Siku hizi shekhe ndiye yaya wetu.

Asubuhi moja wiki iliyopita shekhe alimaliza, akaomba dua, kanda ikalia "tk". Mtoto ndiyo kwanza kasinzia na ziwa liko mdomoni, sikuthubutu kuinuka kuzima. Mara tarumbeta. Gitaa likafuata polepole, kama mtu anayetembea hana haraka ya kufika. Kisha mwanamke akaanza kuimba, katikati ya neno, kama nimefungua mlango nikawakuta watu na mazungumzo yao.

Sikumjua. Nilidhani bendi ya bara. Nilipenda tu jinsi alivyokuwa haipigii kelele huzuni yake.

Khalati alikuwa anapanda ngazi na kikapu chake cha muhogo. Hodi hakuimaliza.

"Zima!"

"Mtoto atashtuka, khalati. Nani huyu?"

"Zima, nnakwambia." Halafu akakaa palepale kizingitini na kikapu mapajani. "Mamako huyo."

Sikuzima.

Kumbe kabla ya kuolewa mama aliimba kwenye bendi ikiitwa Hurumzi Jazz. Walipiga jazi na soul, kwenye kumbi na mahoteli. Mimi nimeishi miaka yote hii na sijapata kuisikia hata kwa jina. "Babu yako akijua kenda kujifunza cherehani," khalati akasema, akacheka kidogo. "Hata kifungo hakujua kutia."

Kicheko kikakatika. Akanieleza kwamba mama alipougua alimwita, akamwambia azifute kanda zote za bendi. Alisema hataki watu wacheze kwa sauti yake na yeye yumo kaburini anaulizwa na malaika. Khalati akaziba kwa plasta vile vijino vya kanda vilivyovunjwa ili mtu asirekodi juu yake, akaanza kurekodi mawaidha. Ramadhani moja hadi nyingine.

"Mbona hukufuta mpaka mwisho?"

"Mawaidha yalikuwa mafupi."

"Yote, khalati?"

"Weye! Mie n'mekuja kumtazama mtoto au n'mekuja polisi?"

Akaanza kukunja nepi mbichi. Nepi mbichi hazikunjwi.

Tangu siku hiyo nimezipitisha kanda zote. Kila moja ina shekhe, dua, na baada ya dua kipande cha mama. Kila nyimbo ninayo mwisho wake tu. Sijui hata moja inavyoanza. Namsikia akimuaga mtu, sijui nani. Namsikia akisema basi, sijui basi ya nini.

Nilimpigia mume wangu. Akasema vizuri, mke wangu, halafu kuna mgeni akamwita. Nikabaki na simu sikioni.

Khalati anataka niziache. Anasema sauti ya maiti hairudishi kitu, msomee Fatiha. Namsomea, kila Ijumaa namsomea. Na wasia wa mama unanielemea, sisemi haunielemei. Lakini yule aliyevunja vijino vya kanda zisifutwe alikuwa ni mama pia. Alitaka hivi, kisha akataka vile, na hapo katikati nikazaliwa mimi, sikuulizwa.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa. Alichokiogopa ni watu kucheza. Mimi sina wa kucheza naye. Nitasikiliza, mlango umefungwa, mimi na binti yangu. Sitaziweka hapa, sitampa mtu wa harusi wala wa hoteli. Jana nilimwambia khalati hivyo hivyo, kwa adabu, na sikuinamisha macho. Akainuka kuchukua kikapu chake. Mwishowe akasema tarumbeta alipiga kijana wa Chwaka, na kwamba bendi ilirekodi nakala kuwapa marafiki.

Basi zipo, kwa mtu, mahali.

Kama unasoma na nyumbani kwenu kuna kanda ya Hurumzi Jazz, hata imeandikwa juu mawaidha, niandikie hapa chini. Usiitie mtandaoni, nakuomba. Nitumie mimi. Ninahitaji mwanzo wa nyimbo inayoishia kwenye neno "basi". Mwanzo wa ile ya kuaga. Majina ya nyimbo, kama yameandikwa. Jina la kijana wa tarumbeta, na kama yuko hai. Mpira wa kuzungushia kanda, maana redio hii imeanza kuvuta sauti. Picha usitume, picha ninazo.

Na kama kabla ya nyimbo kuanza kuna mwanamke anakohoa, au anacheka, au anawaambia wapigaji wangoje kwanza, usikate. Hicho ndicho ninachokitaka zaidi.