Ng'ombe Aliyefichiwa Mama

Rubondo, Jumanne jioni

Kosa la wengi ni kudhani kipimo kimoja kinatosha kuijua saratani. Leo hospitalini Mbarara hata dada yangu Nabintu alimkatalia daktari damu ya kupima.

"Mulishakata nyama mu titi, mukapiga na picha. Sasa damu ya kazi gani?"

Nikamwuliza: ng'ombe akikauka maziwa, baba alikuwa anatazama nini?

"Macho, mavi, majani anayokula, na mama yake alikuwa namna gani."

"Vyote?"

"Vyote! Kimoja kinaweza kukudanganya." Akacheka sana. "Eh kaka, umenifunga kamba na maneno yangu mwenyewe!" Akanyoosha mkono atolewe damu.

Nilifurahi. Daktari ataunganisha damu, nyama, picha na habari za ukoo, ndipo achague dawa ya kumfaa Nabintu.

Kisha daktari akaniuliza mama yetu alikufa na nini. Nikajibu "homa", kama tulivyozoea kusema, maana kwetu titi la mama halitajwi mbele za watu. Mimi, mwalimu mzima! Nimemficha mama wa ng'ombe.

Nabintu anaimba jikoni, hana habari ya nilichomficha daktari.

Basi mzee mimi, funga daftari hili, mpigie daktari sasa hivi, umwambie mama alikufa na uvimbe wa titi.